Siliaki: kipimo kimesoma hasi ila ngano ulishaacha

Dada wa Masasi habari, pole na tumbo. Nimekuelewa, umeacha chapati na maandazi miezi miwili, kuharisha kumepungua, umepima siliaki (ugonjwa wa utumbo kuumizwa na gluteni, protini iliyo kwenye ngano) damu imesoma hasi na sasa hujui ushike lipi. Hiyo hasi usiiamini kwanza. Kipimo kinatafuta askari wa mwili wanaoamshwa na gluteni, sasa kama huli ngano wanapungua na majibu yanatoka safi hata kama ugonjwa upo. Mimi daktari alinirudisha kwenye ngano wiki sita, kila siku zaidi ya mlo mmoja, andazi asubuhi chapati jioni (ugali wa muhogo hauhesabiki, hauna gluteni), tumbo likawa kama ngoma nikalia kabisa lakini ndo majibu yakaonekana. Ongea na daktari kwanza, na ukizidiwa rudi kwake usijikaze. Siku ya damu omba tTG-IgA (ndicho kipimo cha hao askari) pamoja na IgA ya jumla (kiasi chote cha askari wa aina ya IgA mwilini), maana mwenye IgA ndogo kile cha kwanza kinamdanganya. Kabla hujalipa uliza maabara sampuli inapimwa hapohapo au inasafirishwa. Ikisoma juu utapelekwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni), wanachukua vinyama vya utumbo mdogo, na ngano usiache mpaka siku hiyo ipite.