Bamvua na ukinzani wa miamba: jibu kwa aliyeuliza kuhusu Mwezi

Mkuu, umeuliza kama kweli mvuto wa Mwezi unaweza kubadilisha umeme wa miamba. Unaweza, ila kiasi chake kinategemea ulipo. Mimi hupima ukinzani wa ardhi, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, huku Unguja kutafuta sehemu za kuchimba visima, na jambo hili nakutana nalo kazini.

Mwezi na Jua huinua na kushusha hata nchi kavu, kwa makumi ya sentimita. Mwamba wenyewe hunyumbuka kidogo mno, sehemu chache tu katika milioni mia. Lakini umeme ardhini hupita zaidi kwenye maji yenye chumvi yaliyomo katika vitundu na nyufa kuliko kwenye punje za mwamba. Ufa ukibanwa, njia ya umeme nayo inabanwa, hivyo ukinzani hubadilika zaidi kuliko unavyotarajia. Kule Aburatsubo, Japani, mtafiti Yamazaki alionyesha karne iliyopita kwamba ukinzani wa mwamba hufuata kujaa na kupwa kwa bahari, kwa kuwa uzito wa maji hukandamiza pwani.

Kwetu kwenye mwamba wa matumbawe linalotawala ni maji yenyewe kutembea. Maji ya bahari yana ukinzani wa takriban omu-mita 0.2 (omu-mita ni kipimo cha ukinzani), mwamba mkavu huweza kufika mamia, hata maelfu. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na chumvi huingia na kutoka kwenye matundu ya mwamba. Karibu na ufuo, mstari uleule wa elektrodi (vijiti vya chuma vya kupitishia umeme ardhini) hunipa picha moja maji yakijaa na nyingine yakipwa. Maji mafu yakifika, yaani siku za kujaa na kupwa kidogo, tofauti hupungua. Ukisogea mbali na ufuo badiliko hufifia, tena huchelewa: kisima hufikia kilele baada ya bahari.

Kwa hiyo usikubali ripoti ya upimaji wa pwani isiyoandika saa na hali ya maji. Ukitaka kuhakikisha, acha elektrodi palepale upime siku kadhaa mfululizo. Badiliko la bahari hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, hivyo kesho yake huchelewa kama dakika 50. Likishikilia saa ileile kila siku, chunguza joto la jua, au pampu ya jirani.