Kabla hujaubomoa ukuta wa gereji na karakana

Wengi wetu wenye karakana nyumbani hatuna haja ya kubomoa ukuta unaoitenganisha na gereji. Tunachotaka ni mbao ipite tu. Mimi niko Nyakato, Mwanza, na ukuta wangu niliutazama kwa jicho baya muda mrefu kabla sijapiga hesabu.

Mbao ya futi 12 ni kama mita 3.65. Ukiipiga kwenye mashine ya randa, inadai urefu huo kabla ya mashine na urefu huo baada yake, yaani zaidi ya mita 7. Karakana yangu ina mita 5. Paini ndefu zote nilikuwa nazirandia uani, na masika yakianza kazi inalala.

Fundi wa kwanza aliugonga ukuta kwa ngumi akasema, "Huu wa kugawa tu bosi, nusu siku uko chini." Usikubali jibu la ngumi. Panda juu ya dari uone kenchi, yaani fremu za mbao zinazoshika paa, zimekaa wapi. Zikiwa zimeegemea ukuta huo, basi umebeba paa. Wangu umebeba. Kuuondoa wote kungetaka boriti ya zege yenye nondo, mirunda ya kushikilia paa, na subira: nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28, na mirunda haiondolewi eti kwa sababu fundi amepata kazi nyingine Igoma.

Kisha kuna la kwetu Mwanza. Viwanja vya mlimani tunavikata upande mmoja na kujaza kifusi upande wa pili. Kama sakafu ya karakana iko juu kuliko ya gereji, huenda ukuta huo ndio umezuia kifusi. Ukiubomoa hadi chini, udongo unakufuata. Ukiona na nyufa za mshazari, mwite mhandisi kabla ya kugusa tofali hata moja, na upite halmashauri kuulizia kibali.

Moto hauzungumzwi kabisa, nami naona ndio wenye uzito kuliko yote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni bila kuonekana. Huku ziwani gereji za wengi ndiyo pia stoo ya injini ya boti na madumu yake. Upande wa pili grinda inatema cheche na vumbi la msasa limetanda. Na gari likiungurumishwa ndani, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Unganisha vyumba hivyo viwili, hayo yote yanakuwa ya chumba kimoja.

Mimi nimetoboa tundu usawa wa meza ya mashine, upana futi 2 na kimo futi 1, mbali na mahali kenchi zilipokaa. Juu yake kuna lenta fupi ya kubeba tofali za juu, na kifuniko cha bati nene chenye komeo. Umeme tulizima kwanza, maana bomba la nyaya lilipita humo humo. Madumu yamehamia banda la nje. Siku ya kuranda gari nalitoa, kifuniko nakifungua, mbao inatokea gereji. Kinachosumbua bado ni mtu wa kuipokea kule, kwa hiyo sasa natengeneza stendi yenye rola.