Kuingia Karakana ya Familia Isiyo Yako

Wiki iliyopita niliweka picha za kinanda cha mabomba tulichokimaliza, na kijana mmoja wa Arusha akaniandikia: "Shikamoo kaka. Mimi ni seremala na napiga kinanda kanisani. Nasikia karakana za vinanda huko Ujerumani ni za baba na mwana. Sisi tusio wa ukoo tunaingiaje?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake limegusa pahali panaponiuma mpaka leo. Najibu hapa kwa urefu kwa sababu najua wenye ndoto hiyo mko wengi.

Kinanda chenyewe ni cha kanisa la kijijini huko Sachsen, mashariki mwa Ujerumani. Mabomba yake ya mbele, yale yanayong'aa mbele ya waumini, yaling'olewa mwaka 1917, serikali ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, ilipokusanya madini ya bati yaliyokuwa makanisani kwa ajili ya vita. Baadaye yaliwekwa ya zinki. Sasa tumerudisha ya bati. Tuliyeyusha bati na madini ya risasi wenyewe, tukamimina juu ya meza ndefu, na bamba lilipopoa tukalipiga randa, tukalikunja, tukalilehemu. Mabomba makubwa ya katikati ni kazi ya mikono yangu. Siku ya Pentekoste nilisimama nyuma ya kinanda nikasikiliza kila moja likiitika. Najivunia, na sioni haya kusema hivyo.

Mimi ni mtoto wa fundi seremala wa Machame. Randa niliijua kabla ya nota. Kanisani kwetu palikuwa na kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu, na mivukuto yake ikichanika baba ndiye aliyeibandika ngozi ya mbuzi huku mimi nikimshikia chombo cha gundi. Mambo ya Kijerumani, viza na baridi mmeyasikia kwa wengine, nayaruka.

Karakana ya kwanza iliyonipokea sitaitaja. Ilinifundisha mbao vizuri: mwaloni, msonobari, sanduku la upepo, kila kiungo. Ila kazi moja sikuruhusiwa kuigusa, ile ya kulipatia bomba sauti. Bomba likitoka mikononi mwa mlehemuji huwa bubu, au linakoroma. Mtu hukaa nalo, akainua au kushusha kidogo bamba dogo lililo ndani ya mdomo, akapanua au kubana tundu la mguuni upepo unapoingilia, akasikiliza, akarudia, mpaka liseme. Pale kazi hiyo ilifanywa na baba na mwana, mlango umefungwa. Nilipoomba nikae tu nitazame, niliambiwa: "Hiyo inabaki nyumbani." Nilifanya kazi yao kwa uaminifu miaka yote ya mafunzo, nikafaulu mtihani, nikaondoka. Neno lile halijanitoka.

Katika kipindi hicho ndipo nilipomsoma Zacharias Hildebrandt, fundi wa vinanda wa Ujerumani wa karne ya kumi na nane. Bwana wake, Gottfried Silbermann, alijifunza ufundi kwa kaka yake Andreas huko Strasbourg, akarudi Sachsen na mwaka 1714 akamaliza kinanda cha kanisa kuu la Freiberg ambacho kinapigwa hadi leo. Hildebrandt aliingia kwake mwaka 1713, si ndugu, na mkataba ukamzuia kujenga vinanda Sachsen, nchi ileile aliyokuwa akifanyia kazi. Alipoanza kuchukua kazi zake mwenyewe walifikishana mahakamani, na suluhu ikamwachia zile tu ambazo Silbermann hakuzitaka. Mtu mwingine angevunja zana zake. Yeye mwaka 1746 alikamilisha kinanda cha Mtakatifu Wenzel, Naumburg, chenye rejista 53, yaani safu za mabomba zenye sauti tofauti, na walioitwa kukikagua walikuwa Johann Sebastian Bach, yule mtunzi mashuhuri wa muziki, na Silbermann mwenyewe. Wakakipitisha. Kinanda hicho kimerudishwa katika hali yake na Eule wa Bautzen, karakana ya familia tangu 1872, kazi iliyokamilika mwaka 2000. Someni habari zake mtakapofungiwa mlango.

Ushauri wangu wa kwanza: andika. Karakana ya pili niliyoingia niliandika daftarini vipimo vya kila bomba la zamani nililolisafisha: urefu, kipenyo, upana wa mdomo, unene wa bamba, alama zilizokwaruzwa na fundi wa kale. Hakuna aliyeniagiza. Siku moja mzee wa karakana aliliona daftari, akaomba aende nalo nyumbani. Alipolirudisha aliniita kwenye chumba cha sauti, akanikabidhi kisu chake na bomba moja dogo, akasema, "Lisemeshe." Binti yake, ambaye ndiye bosi sasa, alikaa nasi mchana kutwa. Johann Andreas Silbermann, mwana wa Andreas, aliacha maandishi mengi juu ya vinanda alivyovichunguza, na mafundi wa leo bado wanayategemea. Andika hata kama hakuna anayekutazama.

Ushauri wa pili: usiboreshe kazi ya marehemu. Vizazi vilivyopita vilikata mabomba ili kupandisha sauti yaendane na zama zao, na leo tunalehemu vipande kuyarefusha tena. Ukiongeza chako kwenye kinanda cha kale, kuna mtu atakuja kukitoa, na akikitoa ataondoka na kidogo cha kile cha asili. Kijana anayetaka aonekane fundi siku ya kwanza haaminiwi kitu cha miaka mia tatu. Nyamaza, safisha, andika. Wadogo zangu, nasema haya kwa ukali kwa sababu napokea barua zinazonieleza kipaji tu. Kipaji kila mtu anacho. Familia iliyotunza kazi vizazi vinne inataka kujua kama utatunza.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Kinanda cha kanisa la Mkunazini, Zanzibar, ni cha Willis wa Uingereza, karakana iliyoanza mwaka 1845 ambako Henry alirithiwa na Henry, mpaka wa nne. Vinanda kama hicho vinahitaji mafundi waliozaliwa huku.

Kwa anayetaka kuanza: mafunzo ni miaka mitatu na nusu, karakana na darasani kwa zamu, na shule inayojulikana zaidi iko Ludwigsburg. UNESCO ilipoutambua ufundi huu wa Ujerumani mwaka 2017 ilitaja karakana kama 400 na wanafunzi 180 tu, kwa hiyo nafasi ni chache. Andikeni kwa karakana ndogo pia, mapema, kwa maana mwaka wa mafunzo huanza Agosti au Septemba. Barua iwe kwa Kijerumani chako mwenyewe, kisichonunuliwa. Ambatisha picha za viungo vya mbao ulivyovitengeneza, vikiwa havijapakwa vanishi, kwa sababu mwenye karakana ataangalia hapo kabla ya kusoma jina lako.