Sahani 72 zikiwa ndani, tukaenda kuazima kwa jirani

Jumamosi iliyopita tumesoma hitima ya baba, mwaka mmoja tangu atutoke, na watu wamekaa sebuleni kwetu. Najua kwa wengine hiyo si habari. Kwetu ni habari. Kwa zaidi ya miaka kumi sebule ya nyumba yetu ya Tandika ilikuwa njia tu: unapita ubavuubavu kati ya kabati la vyombo na viroba, unafika kwenye kochi moja lililobaki wazi, unakaa. Mgeni akija tunampokelea barazani na kumwambia ndani kuna joto. Kwa Dar uongo huo haumshtui mtu.

Tangu niweke WhatsApp picha ya watu wamekaa kwenye mikeka, meseji hazijakatika. Wengi mnauliza jambo lilelile: "Dada, mama yangu naye ni hivyohivyo, nimfanyeje?" Nitajibu. Ila mnisikilize kwanza, maana swali hilo nililiuliza mimi pia, na nilikuwa nimelikosea.

Baba alifariki hospitali, Novemba 2024, alfajiri. Kaka akapiga simu: mwili unaletwa nyumbani, unaoshwa, maziko baada ya adhuhuri. Waliowahi kufiwa wanaijua haraka ya saa zile. Waoshaji wakaja na ndoo zao na sanda, wakauliza chumba. Nikaenda kufungua chumba cha uani. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kuingia, ukagoma. Nyuma yake kulikuwa na kitanda cha besela kilichosimamishwa, magunia ya nguo, feni mbili zisizozunguka, na televisheni ya chogo ambayo haijaonyesha kitu tangu mitambo ya analojia izimwe Dar, tarehe 31 Desemba 2012. Kaka akasukuma kwa bega. Tukasikia kitu kimevunjika huko ndani, halafu kimya. Mzee mmoja wa msikitini akasema taratibu, "Basi, tumpeleke hapo jirani."

Baba yangu, aliyeijenga nyumba ile tofali kwa tofali kwa kibarua cha bandarini, alioshwa kwenye nyumba ya jirani.

Mchana wanawake wakapika wali na maharage uani, ukafika wakati wa kupakua, sahani hazitoshi. Sasa sikilizeni. Mama yangu ana sahani 72 za udongo zenye maua ya bluu, alizonunua kidogokidogo kwa miaka na miaka. Ni sahani za shughuli, sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kuzifuta vumbi. Shughuli imekuja, kubwa kuliko zote, na sahani ziko kwenye kabati ambalo milango yake haifunguki kwa sababu ya viroba. Tukaenda kuazima za plastiki. Kwa jirani yuleyule.

Wifi yangu mmoja, simtaji, anajijua na huwa anasoma humu, akasimama kwenye korido ameziba pua na upindo wa kanga, akasema kwa sauti ya kufika hadi kwenye turubai la wanaume: "Hii nyumba au godauni?" Kuna waliocheka. Msibani. Nimewasamehe, ila nawakumbuka wote kwa majina.

Usiku ule niliapa. Mama alikuwa anaingia eda, miezi minne na siku kumi, nikajiambia mjane hasumbuliwi. Ilikuwa heshima, na ilikuwa kisingizio kizuri sana. Eda ikaisha siku chache kabla ya Idi, mwisho wa Machi. Wiki ya pili ya Aprili nikaanza kazi, na nikaanza vibaya.

Nilingoja mama aende kliniki ya presha, nikamwita kijana wa vyuma chakavu anayepita na guta. Nikampa feni, birika, masufuria yaliyotoboka na pasi ya mkaa iliyokatika mpini. Akanipa 7,000. Nikajiona shujaa. Mama aliporudi hakuuliza kitu. Alitazama pale ilipokuwa pasi, akachukua pochi yake, akatoka. Alirejea baada ya saa nzima, pasi mkononi, sufuria mbili kichwani. Alimfuata yule kijana hadi kwa mnunuzi wake na kuvigomboa kwa 12,000. Tukala hasara ya 5,000, na mimi nikanyimwa salamu siku tatu.

Kwa hiyo, wanangu, la kwanza: usitupe vitu vya mtu akiwa hayupo. Hata viwe takataka. Hata uwe na haki. Ukitupa kwa siri unamfundisha aongeze kuficha, na kuficha kwenyewe ameshakuzidi umri.

Siku ya nne ndiye aliyenianza. Tulikuwa tunachambua mchele, akasema bila kuniangalia, "Wewe hujui sabuni ikikosekana." Akaanza kunisimulia miaka ile baada ya vita vya Kagera. Madukani hamna kitu. Foleni ya sukari mtu anawekea jiwe tangu alfajiri. Nguo zinafuliwa kwa majani ya mpapai. Hayo nilikuwa nimeyasikia shuleni, nikayajibia mtihani. Ambalo sikuwahi kulisikia ni la mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu na msako wa wahujumu uchumi, yaani walioficha bidhaa na kulangua, umepamba moto. Baba alikuwa ameleta nyumbani katoni moja ya sabuni za mche, kaipata kwa mtu. Ikavuma kwamba wasakaji wanapita nyumba hadi nyumba. Usiku huohuo baba akaitumbukiza katoni nzima chooni. Mama alikuwa na mimba ya kaka.

"Nepi za kaka yako nimezifua kwa mpapai," akasema, "na sabuni iko chooni."

Akanyanyuka, akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda, akafunua mfuniko. Sabuni za mche, 41, nilizihesabu baadaye. Nyingine zimekauka hadi zimepasuka katikati, rangi ya bluu imegeuka kijivu, nyepesi mkononi, ukizigonganisha zinalia kama mbao. Na mimi ndiye niliyekuwa namwita "mzee wa makopo" mbele ya wanangu, nao wanacheka.

Hapo ndipo lilipokuja la pili, na hili limenikaa vibaya hadi leo. Mama ana sababu. Mimi je? Mimi niliyekua duka liko kila kona, nimelimbikiza kwa sababu ipi? Maana nilipoanza kutoa vitu uani na kuvitenga, huku vya mama, huku vyangu, rundo la mama lilikuwa kama theluthi. Lililobaki lote langu. Sare za harusi 34, kila moja imevaliwa siku moja, nyingine za maharusi waliokwishaachana. Ving'amuzi vinne. Maboksi matupu ya simu, likiwemo la ile simu yangu iliyozimwa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipofungia simu feki. Simu yenyewe nilishaitupa, boksi nimelitunza miaka tisa! Na fuko zima la mifuko ya rambo. Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 wenzangu waliisalimisha, mimi nikasema moyoni sasa ndiyo itakuwa adimu, nikaificha.

Ndiyo maana nikasema swali nilikuwa nimelikosea. Wewe unayeniandikia "mama yangu, mama yangu", hebu kwanza fungua kabati lako. Fungua droo ile ya chaja.

Sasa niwape la noti, mniache nipumue.

Tarehe 19 Aprili tulikuwa kwenye vifaa vya baba. Kulikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa misumari iliyopinda, yeye alikuwa anainyoosha kwa nyundo na kuiweka. Nikalimimina kwenye ungo. Chini ya misumari kukatoka mfuko wa nailoni umefungwa mpira wa baiskeli, na ndani yake shilingi 265,000. Noti ishirini za elfu kumi na kumi na tatu za elfu tano, zote toleo la 2003. Mnaokumbuka tangazo la Benki Kuu mmeshajua. Noti za zamani, zile za kuanzia 1985 hadi 2003, zilipewa muda wa kubadilishwa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Tumechelewa siku 14. Siku zote hizo za Januari, Februari na Machi redio inatangaza, mimi nimekaa nje ya kile chumba nasema namheshimu mjane.

Mama alizichukua, akazilainisha pajani moja moja, akazihesabu mara mbili. Nilipomweleza akaniambia, "Pesa ya baba yako haiwezi kuisha muda kama dawa." Sikubishana naye. Lakini ninyi nitabishana nanyi, kwa sababu huu ndio ugonjwa wetu wenyewe: tunadhani kitu kikikaa kinatusubiri. Hakisubiri. Sabuni inapasuka, noti inaisha muda, kitenge kinaliwa na mende, televisheni inaachwa na mitambo, na sisi tuko nje tunasema itakuja kufaa. Kitafaa lini? Taja siku. Mimi sasa nikishika kitu nataja siku kwa sauti, na nisipoipata kinatoka. Utasema ni ukatili. Sawa. Siku ikiwa haina jina haiji, na ikija unakuta mlango haufunguki.

Mei na Juni sina la kusimulia, ni vumbi na chafya. Kilichosaidia ni kimoja tu nilichokigundua kwa bahati: mama hatupi, ila mama anatoa. Ukimwambia "tutupe hiki" anakikumbatia. Ukimwambia "tukitoe sadaka, thawabu zimfikie baba" anakuuliza umpe nani. Basi kila Ijumaa tulichukua kona moja. Moja, narudia. Usifungue vyumba vitatu kwa mpigo ukalia katikati yake. Zile sabuni alizikata mwenyewe kwa uzi, akazipeleka madrasa na kwa wapangaji wa nyumba ya nyuma. Amebakiza sita, na sita hizo hakuna wa kumsogelea. Sare zangu fundi cherehani alizigeuza foronya na magauni ya watoto, nikabaki na tatu. Makopo na matairi ya uani yalikwenda siku moja bila mjadala, kwa sababu mwaka 2019 dengi ilipoitandika Dar mimi nililazwa, na mbu wake anazaliana kwenye maji yaliyotuama humohumo, hata kwenye kifuniko tu.

Sahani mama aliziosha yeye, zote 72. Alitenga 24, akazifunga kwenye kanga mpya, akaniambia nimfuate. Tulikwenda kwa jirani. Hakutoa hotuba. Aliweka mzigo mezani akasema, "Hizi zako, kwa ile siku." Jirani akaanza kulia, nami nikaanza, mama peke yake ndiye hakulia.

Niseme na hili upesi. Kuna mtu ambaye maneno hayamtoshi. Ukigusa kipande cha gazeti anatetemeka, anakosa usingizi, nyumba imefika hatua ya jiko kutotumika. Huyo usimwite mchafu wala mchoyo. Kulimbikiza kwa kiasi hicho kumo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, na daktari wa afya ya akili ndiye wa kumwona. Mama yangu hakufika huko. Mimi na maboksi yangu ya simu, sina hakika.

Wengine mtabisha kwamba sisi ni watu wa kipato cha chini, hatuwezi kutoa ovyo, kesho utanunua kwa nini? Nami nilikuwa nasema hivyo. Piga hesabu basi. Turubai tulikodi, sahani tuliazima, chumba tuliazima, 265,000 zimekufa. Umaskini gani huo unaolindwa na godauni? Ona, neno lenyewe limeniganda. Tafadhali, anza kona moja wiki hii. Kona moja tu. Usingoje msiba.

Haya, Jumamosi. Sebule imepakwa chokaa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, chumba cha uani kiko wazi na dirisha lake linaingiza upepo ambao sikujua kama tunao. Kopo la noti liko kwa mama, juu ya kabati, tumekubaliana sitaliuliza. Wifi akaja, kachelewa, kavaa baibui jipya. Nikamkaribisha mwenyewe, nikamkalisha katikati ya sebule, palepale ilipokuwa njia ya ubavu. Nikampakulia pilau kwenye sahani ya maua ya bluu, nikasimama.

Alitazama dari. Alitazama ukuta. Akaigeuzageuza sahani kidogo kwa kidole, akatazama ua lake. Nikajua sasa anasema.

Akaomba ndimu.