Saintpaulia inaoza na haitoi maua: jibu kwa dada wa Dar

Dada, umesema saintpaulia yako, lile ua la chungu liitwalo pia African violet, imeanza kuoza katikati, maua hakuna, na unafikiria kwenda Amani kuchimba nyingine. Tafadhali usichimbe. Amani, kule Usambara, ni hifadhi ya msitu, na zile za porini zimebaki kwenye vipande vya msitu tu. Ipo hata aina ya mlima Mbololo, kule Taita, Kenya, ambayo haioti kwingine. Isitoshe, huhitaji mche mzima. Jani moja linatosha.

Ukiliona ua hili kwao Usambara utaelewa linataka nini. Linaota kwenye nyufa za miamba, kivulini, mara nyingi karibu na kijito, mizizi imeshika mboji kidogo iliyonasa kwenye ufa. Hewa ina unyevu muda wote, ila maji hayatuami. Sisi tunalitia kwenye chungu kikubwa cha udongo wa shamba na kulimwagia maji kichwani kila asubuhi. Litaachaje kuoza?

Mimi niko Lushoto, nazilea barazani upande wa mashariki. Nachanganya mboji iliyochekechwa, mchanga wa mto na mkaa uliopondwa. Wewe wa pwani tumia pia vumbi la makumbi ya nazi. Chungu kiwe kidogo, upana wake kama theluthi ya upana wa majani. Maji naupa mche kwa chini: nakalisha chungu kwenye sahani ya maji nusu saa, namwaga yanayobaki, sirudii mpaka udongo wa juu ukauke. Maji baridi yakigusa majani huacha madoa yasiyofutika.

Kuzalisha: kata jani lililokomaa, si la nje kabisa lililochoka, ubakize kikonyo cha sentimita 3 hivi, ukikate mshazari. Kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, funika na mfuko mwangavu, weka kivulini. Baada ya miezi miwili hivi utaona vijani kama masikio ya panya vikichomoza shinani. Hapo usivikimbilie, viache vishike nguvu ndipo uvitenganishe.

Kuhusu jina: Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo. Yanayouzwa vitaluni leo mengi ni machotara yaliyozalishwa ng'ambo. Ukikuta lebo imeandikwa Streptocarpus, jina la kundi kubwa lenye mimea mingine pia, huenda ni hilohilo. Wataalamu walilihamishia kwenye kundi hilo mwaka 2015.

Maua yanategemea mwanga. Vikonyo vikirefuka na majani yakisimama, giza limezidi. Majani yakipauka na kujikunyata katikati, jua limezidi. Joto la Dar ndilo kazi: liweke chumba chenye hewa, mbali na bati na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na chungu kikae juu ya kokoto zenye maji bila kuyagusa. Ukiona vidung'ata, vile vyeupe kama pamba, vifute kwa pamba yenye spiriti kabla havijaingia kwenye kiini.

Huo mche wako usiutupe. Kagua majani ya nje. Likiwepo moja gumu, lisilo na doa, likate leo.