Mfanyakazi akilalamika kwamba anabaguliwa, anza na daftari la zamu

Nilipokuwa ofisa rasilimali watu wa kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam, mama mmoja wa kitengo cha ufungashaji aliingia ofisini kwangu akaweka mezani hati mbili za mshahara, moja ya kabla ya likizo ya uzazi na nyingine ya baada ya kurudi. Akashusha kidole taratibu hadi kwenye mstari wa ovataimu. Katika hati ya kwanza palikuwa na fedha, katika ya pili palikuwa na sifuri. "Dada," akasema, "mimi sitaki kesi na mtu. Nataka kujua tu, kuzaa ndiyo imekuwa kosa?"

Nilimjibu kama wengi wetu tunavyojibu, kwamba avumilie kidogo, tutalizungumza, na sikuandika kitu. Jioni ile nikamwita msimamizi wake wa zamu, ambaye alinieleza bila kuficha kwamba alimwondoa katika zamu za usiku na kazi za ziada kwa kumhurumia, kwa kuwa ananyonyesha na kila siku hupewa muda wa kwenda kwa mtoto. Nikaridhika na maelezo hayo. Kesho yake kitengo kizima kilikuwa kimeshajua nani amemsemea msimamizi, na wiki ya tatu tukaletewa Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya kupeleka mgogoro wa kikazi mbele ya Tume.

Huruma ile ndiyo iliyotuponza. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na katika orodha ya misingi inayokatazwa, pamoja na kabila, dini, umri, ulemavu na VVU, umo ujauzito na yamo majukumu ya familia. Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, hivyo muda ule haukuwa hisani ya msimamizi. Katazo la kumpangia mzazi kazi za usiku ni la miezi miwili baada ya kujifungua, na zaidi ya hapo ni pale tu anapoleta cheti cha daktari kwamba bado hajawa sawa au afya ya mtoto hairuhusu. Mtoto wa mama huyu alikuwa na miezi minne, cheti hakikuwepo, na hakuna aliyekuwa amemwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

Siku ya usuluhishi nilijifunza jambo ambalo waajiri wengi hulipata wakiwa wamechelewa: mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unamhamia mwajiri. Sisi hatukuwa na kitu cha kuthibitisha. Msuluhishi aliniuliza tulifanya nini siku ile alipokuja na hati zake, nikabaki naangalia meza. Tulimlipa tofauti yake, na kwa kweli alistahili.

Tangu wakati huo, lalamiko likinifikia huliandika mbele ya mlalamikaji kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyapamba wala kuyapunguza makali, nikamsomea, tukatia saini na tarehe, akaondoka na nakala. Simwombi ushahidi siku hiyo, kwa sababu ushahidi wa mambo haya kwa kawaida uko kwetu. Kabla sijamwita mtu yeyote kuhojiwa, nachukua nakala za daftari la zamu, mahudhurio na malipo ya miezi sita, ya mlalamikaji na ya wenzake wa daraja lake, kwa kuwa kumbukumbu za watu hubadilika mara tu habari inapovuja, na daftari nalo nimeshawahi kulikuta limechanwa kurasa.

Ushauri mwingine ni mgumu kuusimamia. Usimhamishe mlalamikaji. Wakuu wa idara hupenda kusema "tumpeleke kitengo kingine apumue", lakini wafanyakazi wengine watakachokiona ni kwamba aliyesema ameondolewa na aliyesemwa amebaki. Ikilazimu kuwatenganisha, aanze kuhama mwenye mamlaka, kwa muda, bila kukatwa mshahara na bila kuhukumiwa kabla ya wakati. Naye ana haki zake: apewe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa, ambao Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema kwa kikao cha nidhamu kwa kawaida usipungue saa 48. Anayechunguza asiwe chini yake kikazi wala rafiki yake wa kula naye mchana, na kampuni ndogo isiyo na mtu wa namna hiyo itafute wa nje.

Kuhusu kabila, utetezi utakaousikia karibu kila mara ni kwamba ulikuwa utani. Sisi tunaujua utani, na tunajua kwamba mtani hujibiwa. Mfagizi anayeitwa kwa jina la kabila lake na meneja kila asubuhi hawezi kumjibu meneja vivyo hivyo, na sheria inahesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ubaguzi.

Tena usikawie. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 60, kwa hiyo mwajiri anayesema "tunalifanyia kazi" kwa miezi miwili anamsukuma mfanyakazi kwenda huko hata kama hakupenda. Mimi humwambia mlalamikaji haki hiyo siku ya kwanza. Mkurugenzi wetu mmoja aliona nawafundisha watu kutushtaki, ila waliokwenda Tume baada ya hapo walikuwa wachache kuliko alivyoogopa.

Uamuzi ukitoka, pande zote mbili huelezwa matokeo na sababu zake kwa barua. Kisha naweka alama kwenye kalenda, mwezi wa kwanza na wa tatu, kwenda kuangalia tena ratiba bila kutoa taarifa. Kwa yule mama nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye zamu za usiku kwa penseli, la wenzake wote kwa wino. Nikamwomba msimamizi kalamu, nikakaa pale pale mpaka alipomaliza kuliandika upya.