Kulaza mashine ya boti msimu wa kusi: achana na turubai, mwaga oili ya gia

Mkuu, hilo turubai liweke chini kwanza. Umeuliza ufunikie nini, betri ya taa uichaji mara ngapi, na petroli iliyobaki uifanyeje, kwa kuwa unailaza Yamaha Enduro 40 kuanzia Juni mpaka kusi litulie. Halafu mwishoni ukachomeka, kama jambo dogo, kwamba oili ya gia utabadilisha Septemba "ili nianze na mpya". Hapo ndipo chai ilinipalia.

Usithubutu. Oili ya gia inamwagwa siku ya kuilaza mashine, si siku ya kuiamsha.

Sili za shafti ya propela, yaani vizibo vya kuzuia maji, ni mpira tu. Mshipi wa kuvulia ukijizungusha nyuma ya propela unazila taratibu, maji chumvi yanaingia kwenye gia boksi, na mashine inaendelea kutembea kama kawaida. Ukiwa kazini kila siku, gia zinakoroga oili na maji pamoja, chuma kinapakwa upya kila saa. Ikisimama miezi mitatu, maji yanajitenga na kutuama chini, na chochote kilichozama humo kinaliwa na kutu. Septemba unavuta kamba, inawaka mara moja, unachekelea. Ukiingiza gia unasikia mtu anatwanga kokoto. Oili yako mpya umeipeleka kwenye beringi zilizokwisha kuchimbika. Mimi nililipia gia, beringi na shafti. Bei siitaji, mke wangu anasoma humu.

Na hao mafundi wanaosema oili isubiri kwa kuwa "huku kwetu hakuna barafu"! Kweli, Ulaya maji yakiganda yanatanuka na kupasua gamba la gia boksi, ndiyo maana wenzetu wanahangaika kabla ya baridi. Lakini kutu inahitaji barafu ya nini? Chumvi na joto letu vinaitosha. Aliyenipa ushauri ule ndiye aliyekuja kuibomoa mashine baadaye, kwa malipo kamili. Biashara nzuri.

Suuza kwanza kwenye pipa la maji ya bomba dakika 10 hadi 15, maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea. Kisha iache wima usiku kucha. Asubuhi weka chombo cheupe chini, legeza skurubu ya chini ya gia boksi kidogo kidogo bila kuitoa. Yakitangulia matone ya maji, au oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa, sili zimekwisha: vua propela, tafuta mshipi, badilisha sili kabla ya kitu kingine chochote. Ikitoka safi, fungua skurubu zote mbili uiache ichuruzike robo saa. Tope laini la kijivu si tatizo. Vipande vinavyokwaruza kidole ni tatizo.

Jaza oili ya gia ya mashine za boti, SAE 90, kupitia tundu la CHINI, mpaka itokee juu bila mapovu. Ukimiminia juu, hewa inanasa ndani na wewe utadhani imejaa. Funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe mpira wa kujazia na kuziba ya chini upesi. Kila skurubu iwekee washa (pete ya kuzibia) mpya, la sivyo maji yatapita hapohapo. Nusu lita haiishi, kwa hiyo usiniambie habari ya gharama.

Petroli: siku ileile ya kusuuza, mashine ikiwa bado inanguruma kwenye pipa, chomoa mpira wa mafuta ife yenyewe, kisha fungua skurubu ya kabureta umwage ya chini. Ikibaki humo inaruka na kuacha gundi kwenye jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli. Toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili ya tustroki kila silinda, vuta kamba mara tatu nne, rudisha plagi. Na usiiwashe kavu kila Jumapili "kuijaribu". Bila maji impela (panga la mpira la pampu ya maji) inaungua kwa sekunde chache.

Ukishamwaga, piga picha ya hicho chombo cheupe uilete hapa kabla hujaenda kununua turubai.